Korongo asiyefunga mdomo

Mtoto akizubaa kinywa wazi, nyanya yake humkemea: "Funga mdomo, inzi wataingia!" Lakini kule bara Asia kuna ndege ambaye hata akikemewa kutwa kucha hawezi kuufunga. Mdomo wake umeumbwa na pengo katikati, na pengo hilo ndilo linalomlisha.

Ndege huyo ni korongo domowazi wa Asia. Wataalamu humwita Anastomus oscitans. Neno la kwanza limetokana na Kigiriki na lahusu kinywa kilicho wazi. La pili ni la Kilatini, na maana yake ni "anayepiga miayo". Ama kweli, hata hao wenye vitabu vyao walipomtafutia jina hawakuona kingine ila mdomo.

Huenda msomaji ukauliza, ya nini kujisumbua na ndege wa mbali kiasi hicho? Sababu ni mbili. Kwanza, anaye ndugu yake hapa hapa Kenya. Pili, chakula chake kikuu ni konokono, na konokono mharibifu kutoka ng'ambo aligunduliwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea mwaka 2020. Yaliyowapata wakulima wa Thailand kuhusu konokono huyo na korongo huyu yana funzo kwa kila nyumba inayopika wali.

Alivyo na anapoishi

Domowazi wa Asia hupatikana India, Sri Lanka, Bangladesh, nyanda za chini za Nepal, Myanmar, Thailand, Kambodia na Vietnam. Mahali pake ni maji ya kina kifupi yasiyokwenda mbio: vinamasi, kingo za maziwa na mito, na majaruba ya mpunga.

Wakazi wa Nairobi wamezoea kuwaona korongo wenye vipara wakijikunyata juu ya miti karibu na uwanja wa Nyayo, wakingoja takataka. Hao ni majitu. Mmoja wao akisimama aweza kufika kimo cha mita moja na nusu. Domowazi ni mdogo mno kando yao. Kimo chake ni kama sentimita 68 tu, yaani hafiki kiunoni mwa mtu mzima.

Mwili wake ni mweupe, na mabawa na mkia ni mweusi wenye kumetameta kijani na zambarau jua linapompiga. Weupe huo hung'aa zaidi majira ya kuzaa yanapofika. Yakipita, manyoya huwa ya kijivu, kama shati jeupe lililofuliwa kwa maji ya mto. Miguu yake ni mifupi ukilinganisha na ya korongo wengine.

Na sasa turudi kwenye mdomo. Sehemu ya juu imenyooka kiasi, lakini ile ya chini imepinda kama upinde. Ndege anapoufumba, ncha hukutana na shina hukutana, lakini katikati mwanga hupita. Pengo lenyewe si kubwa. Kwa upana halifiki hata milimita sita. Hata hivyo laonekana wazi ndege akisimama ubavu.

La ajabu ni kwamba kinda huzaliwa bila pengo. Mdomo wake umenyooka na hufunga vizuri kama wa ndege mwingine yeyote. Pengo huja na umri, jinsi ndege anavyokua.

Fumbo la konokono

Kwa zaidi ya miaka mia moja watu walibishana juu ya kazi ya pengo hilo. Kila mtu aliona kwamba korongo huyu hula konokono wa majini, wale wakubwa wenye gamba la mviringo na kifuniko kigumu mlangoni. Konokono wa aina hiyo akihisi hatari hujivuta ndani na kuubana mlango wake. Kumtoa humo si kazi rahisi hata kwa mtu mwenye kisu.

Basi wengi wakasema jibu ni dhahiri: pengo ni koleo. Ndege humweka konokono hapo katikati, hubana, gamba likavunjika, akala. Julian Huxley, mwanabayolojia mashuhuri wa Uingereza aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO, aliuchunguza ushahidi uliokuwapo na mwaka 1960 akaunga mkono wazo hilo. Alisema kingo za mdomo ni mbaya na zimekwaruzika kwa sababu ya kusagana na magamba.

Lakini wapi! Waliokwenda kuwatazama ndege hao kwa makini, na kuokota magamba waliyoyaacha, walikuta jambo jingine. Magamba mengi yalikuwa mazima. Nyama ilikuwa imetoka, nyumba ikabaki bila ufa.

Siri imo kwenye ncha. Korongo humkandamiza konokono chini kwa sehemu ya juu ya mdomo, kisha huingiza ncha ya sehemu ya chini mlangoni, pembeni mwa kile kifuniko. Ncha hiyo ni nyembamba, na kwa ndege wengi imepinda kidogo kuelekea kulia, upande ambao mlango wa konokono hao hukaa. Hutikisa kichwa haraka haraka, hukata mshipi unaomfunga konokono kwenye gamba lake, na huyo, nyama nje. Mara nyingi hayo yote hufanyika mdomo ukiwa bado ndani ya maji, ndiyo maana ilikuwa vigumu kuona nini hasa kinatendeka.

Na zile kingo mbaya? Kwenye kingo za mdomo mna vitu vidogo mfano wa meno ya brashi. Hivyo humsaidia ndege kumshika konokono mwenye utelezi asimponyoke. Pengo nalo huufanya mdomo ushike kitu cha mviringo kwa ncha barabara, kama vile mtu anavyoshika yai kwa vijiti viwili vilivyopinda kuliko vilivyonyooka.

Thomas Jerdon, daktari Mwingereza aliyeandika vitabu vya ndege wa India katika miaka ya 1860, alieleza kwamba hata domowazi aliyefungwa macho aliweza kumpata konokono na kumtoa. Ndege huyu basi hategemei macho pekee. Anapotafuta chakula huacha ncha ya mdomo wazi kidogo na kudungadunga majini upesi upesi kama sindano ya cherehani, akisikiliza kwa mguso. Pasipo konokono, hula vyura, kaa, wadudu wakubwa na nyoka wadogo wa majini. Lakini konokono ndiye ugali wake. Hayo mengine ni kitoweo.

Msafiri afuataye mvua

Kwa kuwa konokono hufuata maji, korongo naye hufuata maji. Kijiji kikipata mvua nzuri, yumo. Ukame ukiingia, haonekani. Hupanda juu kwa hewa ya moto inayoinuka kutoka ardhini, huzunguka bila kupiga mabawa mpaka akawa nukta angani, kisha huteleza kwenda mbali bila kutoa jasho.

Ndege waliovishwa pete mguuni nchini Thailand wamewahi kupatikana Bangladesh, umbali wa kama kilomita 1,500. Huo ni mwendo mrefu kuliko kutoka Mombasa kwenda Kampala. Ajali pia zipo. Usiku wenye mawingu, mianzi ya minara ya taa ya pwani huwachanganya wasijue waendako.

Nyumba na watoto

Kaskazini mwa India domowazi hutaga kati ya Julai na Septemba, mvua za masika ya kule zikishika. Kusini mwa nchi hiyo na Sri Lanka, hungoja mpaka Novemba na kuendelea hadi Machi. Mwaka ambao mvua haikunyesha, huenda asitage kabisa. Hazai watoto asioweza kuwalisha.

Hapendi kukaa peke yake. Hujenga pamoja na wenzake mamia kwa maelfu, na katika mti huo huo utakuta yangeyange na mnandi wamepanga vyumba vyao. Huko Raiganj, katika jimbo la West Bengal nchini India, kuna hifadhi kando ya mto Kulik ambayo ni mojawapo ya makao yao makubwa kabisa. Miti mingi ya hapo ilipandwa na watu kuanzia miaka ya 1970. Ilipokua, ndege wakaja wenyewe, na mwaka 1985 mahali hapo pakatangazwa kuwa hifadhi rasmi.

Kiota ni lundo la vijiti, mara nyingi juu ya mti uliozungukwa na maji. Mayai ni mawili hadi manne. Baba na mama hushirikiana kujenga, na huatamia kwa zamu kwa siku 25 hivi. Jua likiwa kali, mzazi husimama juu ya makinda akatandaza mabawa yake kuwa mwavuli. Chakula hakipelekwi mdomoni; mzazi hukicheua sakafuni mwa kiota, na watoto wakajihudumia.

Kwa kawaida ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja, angalau kwa msimu huo. Hata hivyo, imewahi kuonekana dume moja likiishi na majike wawili, nao wote wakataga katika kiota kimoja. Mitala, kumbe, haiko kwa binadamu peke yake!

Usitazamie kusikia wimbo. Korongo hawana sauti ya kuimba. Domowazi hukoroma kidogo, na mume na mke wanapolakiana kiotani hugonganisha midomo yao kwa kelele, kana kwamba mtu anapiga vibao viwili pamoja.

Wageni wa hekalu

Nchini Thailand, kaskazini mwa jiji la Bangkok, kando ya mto Chao Phraya, liko hekalu la Kibuddha liitwalo Wat Phai Lom. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 miti ya hekalu hilo ilikuwa ndiyo makao makuu ya domowazi nchini humo. Kwingineko waliwindwa, miti yao ikakatwa na vinamasi vikakaushwa. Lakini katika uwanja wa hekalu kuua kiumbe ni mwiko, na watawa wakawaacha wakae.

Si kwamba wageni hao walikuwa na adabu. Maelfu ya korongo juu ya miti ni maelfu ya matumbo, na kinyesi chao humwagika mchana na usiku. Majani hubadilika rangi, miti huchoka, na harufu mwenye pua asiseme. Lakini watawa walivumilia, na uvumilivu huo ukaja kulipwa kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia.

Karibu mwaka 1980 wafanyabiashara walileta Taiwan konokono mkubwa wa majini kutoka Amerika Kusini. Nia ilikuwa kumfuga na kumuuza kama chakula. Kutoka hapo akasambazwa nchi nyingine za Asia, Thailand ikiwamo. Walaji hawakumpenda. Biashara ikafa, konokono wakatupwa au wakatoroka, wakaingia mitaroni na kisha mashambani.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Konokono huyu hula miche michanga ya mpunga, akaumaliza usiku mmoja mstari ambao mkulima alishinda mchana kutwa akiupanda. Jike hutaga vichala vya mamia ya mayai ya rangi ya waridi kwenye mabua, juu kidogo ya maji. Katika wiki mbili hivi, vichala hivyo vimekuwa jeshi. Wakulima wengi walikimbilia sumu, na sumu ikaua samaki, vyura na konokono wa kienyeji pamoja na yule aliyekusudiwa.

Lakini kwa domowazi huyo hakuwa balaa. Ilikuwa karamu. Idadi ya korongo hao ikaongezeka Thailand, nao wakatoka katika vituo vichache vya zamani wakaenea mikoani. Baadaye walivuka mpaka kuelekea kusini katika Malaysia, na mwaka 2013 walionekana hata Singapore, mahali ambapo hawakuwa wakijulikana. Mkulima wa Thailand leo akilima kwa trekta, korongo humfuata nyuma kama kuku wanavyomfuata mama akipeta mahindi.

Tuseme ukweli, lakini. Ndege peke yake hawezi kummaliza konokono huyu, kwani anayetaga mamia kwa mara moja humshinda mlaji yeyote. Mkulima bado anahitaji kuokota kwa mkono, kuharibu mayai na kupunguza maji miche ikiwa michanga. Tena ndege huleta wasiwasi wake: mwaka 2004, homa ya mafua ya ndege ilipoikumba Thailand, virusi vyake vilipatikana pia kwa baadhi ya domowazi. Hata hivyo, msaidizi asiyedai mshahara si wa kufukuzwa.

Ndugu yake wa Kenya

Domowazi wa Afrika, Anastomus lamelligerus, ni mweusi mwili mzima, kana kwamba ametumbukizwa kwenye wino. Mdomo una pengo lile lile, na chakula ni kile kile: konokono na kome wa maji baridi. Hapa kwetu hupatikana kwenye vinamasi na mashamba ya mpunga, hasa pande za Ziwa Victoria na delta ya Mto Tana.

Na kama tulivyosema mwanzoni, yule konokono wa Amerika Kusini naye amefika. Mwaka 2020 aligunduliwa Mwea, kaunti ya Kirinyaga, katika mradi unaotoa sehemu kubwa ya mchele unaolimwa nchini. Mayai ya waridi yaliyowatoa machozi wakulima wa Asia sasa yanaonekana kwenye mabua yetu.

Kwa hivyo, ungedhani kwamba domowazi wetu angetunzwa kama yai. Sivyo ilivyokuwa Bunyala, kaunti ya Busia. Karibu mwaka 2010 mtaalamu wa ndege Martin Odino alichunguza jinsi ndege walivyokuwa wakiuawa katika mashamba ya mpunga ya huko. Wawindaji walichukua konokono, wakatia ndani ya nyama yake dawa ya wadudu iitwayo carbofuran, iliyojulikana madukani kwa jina la Furadan, kisha wakawatawanya konokono hao majarubani. Ndege hai walifungwa papo hapo ili kuwavutia wenzao washuke bila shaka.

Domowazi walishuka, wakala, wakaanguka. Walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi, na si vigumu kujua kwa nini: chambo kilikuwa chakula wakipendacho kuliko vyote. Kisha nyama iliuzwa kwa watu wa kawaida kwa kitoweo cha jioni.

Carbofuran huvuruga mishipa ya fahamu, ya ndege na ya mtu vilevile. Mwaka 2009, baada ya habari za simba kuuawa kwa sumu hiyo kuenea duniani, kampuni iliyokuwa ikiitengeneza ilitangaza kuiondoa katika soko la Kenya. Ya Bunyala yalionyesha kwamba kuondoa dawa kwenye rafu za maduka si sawa na kuiondoa mikononi mwa watu.

Mzazi, hili ndilo la kubeba nyumbani. Nyama ya ndege wa porini inayouzwa kwa bei ya kutupa, bila mtu kujua ndege alikufaje, usiinunue. Kuipika hadi iive si kinga. Sumu hiyo si kidudu cha kufa kwa moto wa jiko.

Nawe mwanafunzi, siku shule yenu itakapozuru mashamba ya mpunga, tazama chini kwenye kingo za majaruba. Ukikuta gamba la konokono tupu, zima, lisilo na ufa, liokote uwaonyeshe wenzako. Huenda korongo amepita hapo asubuhi hiyo, akamfanyia mkulima kazi yake, akaenda zake bila kudai hata senti.